Kiroboto Mbele ya Hakimu

Mkaguzi wa watoto aliyekuja nyumbani kwa Nonie Galvin hakuanza na mtoto, alianza na kabati la nyama. Alilifungua kwa ncha ya kidole, kama mtu anayefunua kidonda cha mwenziwe, akakuta nusu ya sungura na kopo la mafuta ya kondoo ya kupaka mkateni. Akalifunga. Akainama kuchungulia chini ya vitanda. Akapitisha kidole juu ya fremu ya mlango, na kidole kikatoka kisafi, jambo ambalo halikumfurahisha. Mtaa mzima wa Halloran ulijua kuwa nyumba ya Nonie ni safi kiasi kwamba panya wa Surry Hills, pale Sydney, walifuta miguu kwanza kabla ya kuingia.

"Na huyu ndiye mwenyewe?" aliuliza. Jina lake Bi. Hext, na kofia yake ilikuwa na unyoya mmoja uliokuwa ukitikisika kila alipohukumu jambo.

Vinnie alisimama karibu na jiko, miguu mitupu, umri miaka tisa. Masikio yalimchomoza kama vishikio vya sufuria, uso ulimjaa madoadoa kama yai la kware, na pale mbele jino moja halikuwepo.

"Ndiye," alisema Nonie.

"Nilikuona kwenye picha ya sinema, Kiroboto wewe. Nilicheka machozi yakanitoka! Pale ulipotumbukiza fataki kwenye kopo la maziwa la polisi, jamani!" Bi. Hext akacheka tena kidogo, halafu akakumbuka kilichomleta, unyoya ukatulia. "Na sasa Bwana Tubb ukamfanyia vilevile."

"Si yeye," alisema Nonie.

"Basi ni nani, Bibi Galvin?"

Nonie akamtazama mwanawe. Mwanawe akatazama vidole vyake vya miguu. Kutoka barazani kikasikika kikohozi cha Leo, mume wake, kikohozi kirefu alichorudi nacho kutoka vitani Ufaransa badala ya mapafu, na nyuma ya kikohozi ikaja sauti yake.

"Sisi hatujui, bibi. Katika nyumba hii hatujui lolote."

Bi. Hext akaandika, akafunga mkoba. Kesi ilikuwa Alhamisi, korti ya watoto. "Mvalishe vizuri," alisema akiwa mlangoni. "Hakimu hutazama sana mavazi."

Mambo yalikuwa hivi. Usiku wa Sikukuu ya Dola ya Mwingereza, watoto wa mtaa walichoma moto mkubwa wa mbao na magurudumu, wakalipua fataki mpaka mbwa wote wakahamia chini ya vitanda. Kulipokucha, majivu bado yana joto, Bwana Tubb muuza maziwa alipanda mtaa na farasi wake Askofu. Askofu alikuwa farasi asiye na haraka hata kidogo. Ilisemwa kuwa siku ya kiama angefika kesho yake, na angesimama njiani kula maua ya watu. Lakini asubuhi ile, Tubb alipokuwa akiinama kuchukua kopo na sarafu mlangoni pa duka, kopo lililipuka. Askofu akaruka kama farasi wa mashindano, gari likamwangusha Tubb, gurudumu likapita juu ya mguu wake. Hospitalini wakaukata chini ya goti.

Watoto wote waliokuwa pale walitimka. Vinnie hakukimbia. Polisi alimkuta ameshika hatamu ya Askofu kwa mikono miwili, ananing'inia kama nguo kwenye kamba, na usoni ana lile tabasamu lake ambalo Sydney nzima ililijua.

Na lilijulikanaje? Kwa sababu kiangazi cha mwaka uliotangulia watu wa sinema walikuja kutafuta mtoto mtukutu, wakawapanga watoto wa mtaa ukutani, wakawapita watukutu wote, wakamchukua Vinnie kwa ajili ya masikio. Vinnie! Mtoto aliyekuwa akiwaomba radhi kuku kabla ya kuchukua mayai yao. Wakamfundisha kuiba pichi, kumpanda mbuzi, kumrushia askari nyanya. Picha ikatoka, watu wakacheka kuanzia bandarini mpaka milimani, na tangu hapo hakuna aliyemwita Vinnie tena, ila Kiroboto, jina lake la kwenye picha. Malipo yake yote yaliishia kwa daktari wa Leo.

"Niambie mimi," alisema Nonie jioni ile, akimsugua mgongo kwenye beseni. "Mimi si polisi. Mimi mama yako."

"Baba alisema tusiseme."

"Baba yako hayumo kwenye beseni hili."

Vinnie alikwangua sabuni kwa ukucha mpaka maji yakaanza kupoa. "Clarrie," alisema hatimaye. "Aliniambia, Kiroboto njoo uone, kama kwenye picha. Mimi nikamwambia kwenye picha ilikuwa moshi tu, yule bwana alitia moshi, haikulipuka kweli. Hakunisikia."

Clarrie Prowse, miaka kumi na mitatu, wa nyumba ya pili. Nonie akaacha kusugua.

Mama yake Clarrie, Ada, ndiye aliyemleta Vinnie duniani mkunga alipochelewa. Ndiye aliyeleta supu kila siku Leo alipokuwa kitandani majira yote ya baridi, akaileta kwa kupitia uani ili watu wasione. Mtu wa namna hiyo unamdai nini?

Leo alikuwa amekaa barazani na blanketi magotini. Alimsikiliza mkewe bila kugeuza kichwa.

"Usimalize," alisema. "Sitaki kulisikia jina."

"Mwanao atachukuliwa, Leo."

"Hatachukuliwa. Mtoto wa miaka tisa, hana kosa hata moja nyuma yake. Watamfokea watamrudisha." Akapumzika, akavuta hewa kama mtu anayevuta ndoo kisimani. "Umesahau Redfern? Umesahau mlango wetu?"

Nani angesahau? Katika mgomo mkubwa wa reli wa mwaka 1917, Dinny, ndugu yake Leo, aliwapa wakubwa wa reli majina ya viongozi wa wagomaji. Dinny mwenyewe akakimbilia Queensland. Leo alikuwa bado vitani. Nonie ndiye aliyeamka akakuta neno MBWA limeandikwa kwa lami mlangoni, herufi ndefu kama mtoto. Hakuna muuza mkate aliyesimama, hakuna mwanamke aliyemjibu salamu. Walihama Redfern, lakini jina la Galvin walihama nalo.

"Galvin mmoja mchongezi anatosha," alisema Leo. "Mambo ya mtaa yanaishia mtaani."

Basi Nonie akaenda kwa Ada, si kumchongea mtu, bali kumpa nafasi ya kusema mwenyewe. Alimkuta akimenya viazi. Clarrie alikuwa mezani. Alipomwona Nonie aliinuka, akatoka kupitia mlango wa uani akiwa na kipande cha mkate mdomoni.

"Kaa, mwenzangu," alisema Ada. "Chai ipo."

"Sitakaa. Alhamisi ni kesi."

"Nimesikia." Ganda la kiazi liliteremka refu, bila kukatika. "Watamwonya tu, Nonie. Mdogo yule."

"Na kama hawakumwonya?"

"Nani atamfunga Kiroboto? Nchi nzima inampenda! Angekuwa mtoto mwingine, mkubwa kidogo, aliyewahi kushikwa na pichi za watu..." Kisu kikasimama. "Mtoto wa namna hiyo wangemfungia mpaka aote ndevu. Huyo hakuna ambaye angecheka naye."

Wakatazamana. Kila mmoja alijua, na kila mmoja alijua kuwa mwenziwe anajua, na viazi vikaendelea kumenywa.

"Mvalishe zile nguo," alisema Ada kwa sauti ya chini, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. "Za kwenye picha. Hakimu naye ni mtu, ana wajukuu. Akimwona Kiroboto mwenyewe ameingia, moyo utayeyuka. Nakuambia kwa mema, Nonie. Naapa kwa mema."

Wazo hilo lilikwishapita mtaa mzima. Bwana Dawkins, mwenye ukumbi wa sinema, alisimama kwenye lango la kiwanda cha jemu kumngoja Nonie atoke zamu. "Mama Kiroboto!" aliita. "Usimpeleke kama mtoto wa komunyo ya kwanza, wako elfu wale. Mpeleke kama alivyo! Mahakimu wamechoka kuona watoto wanaolia." Wanawake wa meza ya pichi wakaunga mkono. Bibi mmoja akasema angemsamehe Kiroboto hata kama angemchomea nyumba, mradi amchomee na mumewe humo humo.

Nonie alikuwa amekwisha kupiga pasi shati jeupe. Alhamisi asubuhi aliliacha limetundikwa. Akamvalisha Vinnie kofia kubwa iliyokaliwa na mbuzi, suruali iliyopasuka gotini kwa makusudi, na mkanda mmoja wa begani. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, lakini Nonie siku ile hakuwa na mhenga wa karibu; alikuwa na mtaa mzima ukimwambia jambo moja.

"Lazima niwe Kiroboto, mama?" aliuliza Vinnie.

"Mara hii tu. Halafu tunaichoma kofia."

Alipoingia kortini, watu wakaanza. Karani akamgusa askari kwa kiwiko. Mwanamke mmoja aliyekuja kwa kesi ya mwanawe mwenyewe akasahau kulia, akasema, "Ndiye! Ndiye huyo!" Na hakimu, mzee mwenye miwani iliyoteremka puani, akatabasamu. Nonie aliliona tabasamu lile, akashukuru kimoyomoyo. Ada, aliyekaa safu ya nyuma na Clarrie ubavuni, akafanya ishara ya msalaba.

"Kumbe ni huyu," alisema hakimu. "Wajukuu wangu wamenipeleka mara mbili. Na mbuzi hajambo?"

"Alikufa, bwana," alisema Vinnie.

Korti ikacheka. Hakimu akangoja kicheko kitulie, akashika karatasi, na sauti yake ikabadilika.

"Bwana Tubb amekatwa mguu. Ana watoto, na hawezi tena kuuza maziwa. Jambo hilo unalijua, Vincent?"

Vinnie akatabasamu.

Lilikuwa ni lilelile: meno yote nje na pengo katikati, macho yamekuwa nyuzi. Kuna mtu nyuma alicheka, kisha akajizuia.

"Unacheka?"

Tabasamu likapanuka. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kwenye mkanda, lakini nani hutazama mikono ya Kiroboto?

Nonie akasimama. "Mheshimiwa, hacheki! Huyu akiogopa ndivyo anavyokuwa. Tangu mdogo. Hata alipozikwa babu yake..."

"Bibi, mimi nimemwona sinemani kwa macho yangu, akicheka hivi hivi na fataki mkononi. Nguo hizi alizovaa kwenye picha ndizo hizi?"

"Ndizo, Mheshimiwa."

"Nani amemvalisha?"

"Mimi."

"Mtu amepoteza mguu, na wewe unamleta mwanao hapa kama anakwenda kwenye maonyesho." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeona aibu kwa kutabasamu mwanzoni, na aibu ya mtu mkubwa daima hulipwa na mdogo. "Nyumba ambayo mambo haya ni mzaha si nyumba ya kumrudisha mtoto. Yuko mwingine aliyehusika? Semeni sasa."

Nonie akamtazama Leo. Leo alikuwa ameshika ukingo wa benchi, macho chini, anapumua kwa shida. Akamwangalia Ada. Ada aliangalia dirisha.

"Clarrie," alisema Nonie. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Clarrie Prowse ndiye aliyewasha. Yule pale. Wangu alimkataza."

Ada alisimama polepole, mweupe kama unga.

"Clarrie alikuwa kitandani," alisema. "Nilimwamsha mwenyewe. Mungu anisamehe, Nonie Galvin, watoto wetu wamekula sahani moja."

Hakimu akamgeukia Vinnie. "Mama yako anasema si wewe, ni huyu. Ni kweli?"

Vinnie alimtazama mama yake. Halafu akageuka akamtazama baba yake, muda mrefu, kama mtoto anayesoma ubaoni neno gumu. Leo hakuinua macho.

"Sijui, bwana," alisema Vinnie. "Sisi hatujui lolote." Na akatabasamu.

Wakampeleka shamba la wavulana, huko juu milimani kwenye baridi, mpaka atimize miaka kumi na sita. Alipopitishwa mlango wa pembeni, kofia ilimwanguka. Askari akaiokota, akaitazama, akamvika tena kichwani kwa upole, akamfinya sikio.

Mtaa wa Halloran haukupiga kelele. Mtaa wenye adabu hauna haja ya kelele. Muuza mkate alipita mlango wa Nonie bila kusimama. Kwenye meza ya pichi kiwandani, wanawake walisogeza masanduku yao mpaka pakawa na nafasi ya ng'ombe wawili kila upande wake. Yule bibi wa kuchomewa mume alimpitishia kisu kwa kukisukuma mezani, asiguse mkono wake. Na mlangoni, kwa chaki, likaja neno lile la Redfern. Safari hii aliyelifuta ni Leo, kwa mkono wake wa shati, akipumzika kila baada ya herufi.

"Ungesema neno," Nonie alimwambia. "Wewe wangekuamini. Una medali. Mtoto alikutazama wewe."

"Alinitazama," alisema Leo.



Magazeti yaliandika kuhusu Kiroboto kupelekwa shambani, na Bwana Dawkins si mtu wa kuacha chungu kichemke bila kutia kijiko. Jumamosi akairudisha picha, maonyesho ya mchana, na bango jipya kubwa. Ukumbi ulikuwa kwenye kona, hivyo ilibidi mtaa mzima upite mbele ya nyumba ya Galvin.

Leo alitoa kiti nje. Alivaa koti la arusi yake, akakaa kwenye ngazi ya mlango, na Eileen, mdogo wake Vinnie, miaka minne, akakaa miguuni pake. Nonie alibaki mlangoni.

"Ingia ndani, Leo. Usijitie aibu."

"Nimekwisha kujitia."

Wakaanza kupita, wamevaa nguo za Jumamosi, wanatazama upande wa pili wa barabara ambako hakukuwa na kitu ila ukuta.

"Mchana mwema, Perc," alisema Leo. Kimya. "Mchana mwema, Bibi Sleeman. Mguu unaendeleaje?" Kimya. "Mchana mwema, Jack." Kila jina lilimgharimu pumzi, na kila pumzi aliivuta kutoka mbali, lakini hakumruka mtu, hata watoto wachanga waliobebwa aliwataja. "Mchana mwema, Tess. Mchana mwema, Joe."

"Utamaliza pumzi," alinong'ona Nonie.

"Ya kumalizia mtaa huu ninayo."

Ada alipita karibu wa mwisho, amemshika Clarrie mkono kama mtoto wa miaka mitatu.

"Mchana mwema, Ada," alisema Leo. "Mchana mwema, Clarrie. Vinnie akipanda juu ya mbuzi, mtazame vizuri mwanangu. Hapo alikuwa anafurahi kweli."

Clarrie alisimama. Mdomo ulimfunguka, kidevu kikacheza. Ada akamvuta, wakaenda, na visigino vya Ada viliigonga barabara upesi upesi mpaka kwenye kona.

Mtaa ukabaki mtupu. Kinanda cha ukumbini kikaanza, halafu kikaja kicheko, kicheko cha watu mia moja, kilichovuka paa na kushuka mpaka kwenye ngazi ya mlango. Eileen akaruka.

"Vinnie!" alisema. "Wanacheka! Vinnie amerudi!"

Na alikwisha kukimbia kabla Nonie hajavua aproni. Alimkaribia mlangoni pa ukumbi, ambako Bwana Dawkins alikuwa amesimama na sanduku lake la tikiti.

"Mama Kiroboto!" alisema Dawkins, akavua kofia, na kwa kweli hakuwa na ubaya wowote usoni. "Pita, pita. Wewe hulipi."

Nonie alitaka kurudi, lakini mtoto alikuwa amekwisha kulipenya pazia. Akamfuata gizani, akamnyanyua, akasimama nyuma kabisa. Mbele yake vilikuwa vichwa vyote vya mtaa wa Halloran, vinatikisika kwa kicheko, na juu yao Vinnie, uso mmoja mkubwa kama nyumba, madoadoa kama sahani, anatabasamu kwa meno yote na macho yamekuwa nyuzi.

"Vinnie!" Eileen alimpungia mkono. "Vinnie, mimi hapa!" Akangoja. Akapunga tena, mikono miwili. Kisha akamgeukia mama yake, sauti imeanza kuvunjika. "Mama, mbona hanioni?"

Watu wa safu ya nyuma walisikia. Mmoja mmoja wakaacha kucheka, lakini hakuna aliyegeuka.

Nonie alikuwepo siku ile ilipopigwa picha. Alikuwa amesimama nyuma ya ile mashine na chupa ya chai mkononi, na watu wa sinema walikuwa wameelekeza bati kubwa linalong'aa usoni kwa mtoto, na mtoto alikuwa akiuliza, kwa midomo ambayo sasa mtaa mzima ulikuwa unaicheka, kama angeweza kwenda nyumbani.

"Jua linampiga machoni," alisema Nonie, akamgeuza mtoto begani, wakatoka.